Saruji Haifai Kilwa

Masika yakipiga Gatina, huku kwetu Kawangware, plasta ya chini ya ukuta ndiyo hutangulia kubanduka. Fundi anaitwa, anakoroga saruji na mchanga, anaziba, kufikia jioni amelipwa na kwenda zake. Fundi huyo akipelekwa Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, na mfuko wake wa saruji, atabomoa akidhani anajenga.

Mji huo, alikofika Ibn Battuta mwaka 1331, umeacha magofu ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilikuwa matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo. Mikoko ilitoa boriti za dari, na kwa kuwa boriti haivuki urefu wake, vyumba vikawa vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Ukuta wa namna hii unapumua: unyevu huingia, ukatoka. Ukiuvika saruji, maji na chumvi hukwama ndani na jiwe huliwa taratibu.

Nje kuna bahari. Gereza, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani, liko ufukweni kabisa, na mawimbi yamekwisha kumega upande wake. Dunia inapopata joto maji yanapanda, na mikoko iliyokatwa haipo tena kuyapokea. Unesco iliyaweka magofu ya Kilwa na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikayatia kwenye orodha ya hatari 2004, ikayatoa 2014. Katika miaka hiyo mafundi walirudia chokaa, kuta za kuzuia mawimbi zikajengwa, mikoko ikapandwa. Mti ule ule uliokatwa kuezeka nyumba sasa unapandwa kuzilinda!

Mombasa hali ni nyingine. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe unaopigwa na mawimbi moja kwa moja. Hapo mkoko hauna tope la kushika, na sioni njia ila ukuta wa bahari, ubaya wa sura yake tuuvumilie.

Juzi nilipita duka la vifaa vya ujenzi karibu na steji ya 46, huku huku Kawangware, nikaulizia chokaa ya kujengea. Mwenye duka akanitolea ile nyeupe ya kupaka.

"Ni ya choo?" akauliza.