Kadi ya CHF, Dodoma, na namna ya kuripoti kasoro ya programu

Ukitaja programu huria, wengi wanawaza Linux na vijana wa Ulaya na Marekani. Kumbe mojawapo ya programu huria za bima ya afya zinazotumika leo nje ya nchi ilianzia hapahapa Dodoma.

Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ilipitishwa 2001. Uanachama ukawa suala la karatasi kwa miaka mingi. Mwaka 2011 ukaanza Dodoma mradi wa HPSS, maarufu kama Tuimarishe Afya, kwa fedha za Uswisi, na 2012 ukaleta mfumo wa kompyuta uitwao IMIS. Mwandikishaji wa kijiji alijaza fomu, akampiga mwanachama picha kwa simu, na namba ya bima ikaviunganisha vyote viwili. Nepal na Kameruni nao wakauchukua. Kisha Uswisi na Ujerumani zikagharamia kuugeuza kuwa programu huria: openIMIS, ambayo msimbo wake yeyote anaweza kuusoma.

Wengi husifia kwamba ni bure. Mimi naona kubwa zaidi ni njia ya malalamiko. Tuseme picha hazipandi kutoka Mpwapwa. Kwa programu iliyofungwa, habari inapita wilayani, mkoani, hadi kwa kampuni, kila mtu akiisimulia kwa maneno yake. Kwa programu huria, aliyeiona kasoro anaiandika mwenyewe, na mtu wa Kathmandu aliyekwama palepale anaisoma.

Ila "mfumo haufanyi kazi" haimsaidii mtu. Anayerekebisha hayupo Mpwapwa; anataka kuona kasoro ikitokea kwenye mashine yake. Simon Tatham, mtengenezaji wa PuTTY, aliandika makala nzima kuhusu hili mwaka 1999, na bado inasomwa. Ripoti nzuri inasomeka hivi: "Nilipiga picha nikiwa sina mtandao, nikafunga programu, nikaifungua nilipopata mtandao. Nilitegemea picha ipande. Haikupanda, na hakuna ujumbe wowote uliotokea. Nimejaribu mara tatu, imekuwa hivyohivyo." Ongeza toleo la programu na aina ya simu. Ukihisi tatizo ni seva, sema unahisi. Usiliandike kama jambo uliloliona. Tafuta kwanza kama kuna aliyekutangulia, maana labda kinachokosekana pale ni maelezo ya simu yako tu. Na kasoro mbili ni ripoti mbili, hata kama umeziona asubuhi moja.

Hapa kwenye bima kuna jambo zito zaidi. Picha ya skrini yako ina sura ya mama wa watu, jina lake na namba yake ya bima, na ukiiweka hadharani inaonekana dunia nzima. Irudie kasoro kwa mwanachama wa kubuni, ndipo upige picha. Ikiwa kasoro yenyewe ndiyo inayovujisha taarifa za wanachama, usiiandike hadharani kabisa: watumie wasimamizi wa mradi kwa faragha, hadi waizibe.