KAMATI YA KIJIJI CHA KAMIRIITHU, 1976–1982



Kamati ya jumuiya imeniomba niandike historia fupi kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Kwa kuwa wakati huu tunabishana hapa kambini juu ya nani anafaa kuingia katika kamati ya utamaduni, kazi isiyo na mshahara wala posho, nimeonelea nieleze habari za kijiji cha Kamiriithu nchini Kenya. Wako wanaosema kwamba asiyejua kusoma na kuandika asichaguliwe. Hebu tuangalie.

Kamiriithu iko Limuru, karibu na Nairobi. Ilianzishwa katika miaka ya 1950 wakati wa hali ya hatari, Waingereza walipowaondoa watu kwa nguvu katika makazi yao na kuwarundika mahali pamoja ili wasiwasaidie wapiganaji wa Mau Mau. Basi ni kijiji kilichoanza karibu kama sisi tulivyoanza, maana hakuna aliyejichagulia jirani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 wengi walibaki pale pale, wakiwa vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu.

Mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji alimwendea Ngugi wa Thiong'o, mwandishi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akamwuliza kwa nini elimu yake haiwafikii wanakijiji. Hakuchoka, alirudi Jumapili baada ya Jumapili mpaka akakubaliwa. Ndipo kikafufuliwa kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji, chini ya kamati ya wakulima wadogo, wafanyakazi, mwalimu wa shule na mfanyabiashara. Wasomi wa chuo kikuu waliingia humo kama wanakamati, si kama wakubwa. Ngugi wa Mirii alishughulikia masomo ya watu wazima, na Ngugi wa Thiong'o aliongoza kamati ndogo ya utamaduni.

Walianza na kisomo, kisha mchezo wa kuigiza kwa lugha yao ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Wasomi hao wawili waliandika rasimu, lakini iliposomwa hadharani wanakijiji waliisahihisha: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Ninyi mnaotaka vyeti, semeni, nani hapo alikuwa mwalimu? Hata jukwaa walilibuni wenyewe kwa kupanga vijiti vya kiberiti chini, kisha wakajenga ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanyika mbele ya yeyote aliyetaka kutazama.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Wiki sita baadaye, tarehe 16 Novemba, serikali ilifuta kibali cha kuonyesha mchezo huo. Siku ya mwisho ya mwaka Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani hadi Desemba 1978. Ni vizuri tuelewe hapa kwamba mchezo ulihusu ardhi na ujira, na ulisemwa kwa lugha ambayo kila kibarua aliielewa. Nadhani hilo la lugha ndilo lililoogopwa zaidi.

Kikundi hakikutawanyika. Mwaka 1982 walitayarisha mchezo mwingine, wakanyimwa ukumbi wa taifa mjini Nairobi. Wakaendelea na mazoezi chuo kikuu, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama mpaka hayo nayo yakazuiwa. Mwezi Machi malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika Kamiriithu na ukumbi ukabomolewa.

Mwaka huo huo Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau, aliyeongoza uigizaji, walikimbilia Zimbabwe. Ngugi wa Thiong'o naye alibaki ughaibuni, asikanyage Kenya tena hadi mwaka 2004. Huko Zimbabwe Ngugi wa Mirii aliendelea kufundisha vikundi vya vijijini kuigiza, naye alifariki huko mwaka 2008.

Majina ya wagombea wetu yanapokelewa na viongozi wa zoni hadi Ijumaa. Alhamisi mchana sisi walimu tutakuwa shuleni kuwajazia fomu wale wasioandika.