Ngawira, Zawadi na Kitu cha Kuazima: Dhahabu ya Asante Makumbushoni

Mwezi wa Januari 2024, majumba mawili ya makumbusho ya London, yaani British Museum na Victoria and Albert Museum, yalitangaza kwamba yangepeleka Kumasi, nchini Ghana, vitu 32 vya dhahabu na fedha vya ufalme wa Asante: vitu 15 kutoka jumba la kwanza na 17 kutoka la pili. Muda uliowekwa ulikuwa miaka 3, nao ungeweza kuongezwa kwa miaka 3 mingine. Maonyesho yalifunguliwa mwezi wa Mei mwaka huohuo katika makumbusho ya kasri ya Manhyia, makao ya Asantehene. Yafaa kuuliza: mtu aletewapo mali iliyotoka nyumbani kwake, kwa sharti la kuirudisha, tendo hilo laitwaje?

Kwa Waasante dhahabu haikuwa pambo tu. Bamba la mviringo liitwalo akrafokonmu lilivaliwa kifuani na watumishi waliokuwa na kazi ya kuitakasa roho ya mfalme. Upanga wa Mpomponsuo ulitumiwa katika kula viapo vya utii. Kiti cha Dhahabu kiliaminiwa kubeba roho ya taifa zima. Na Gavana Hodgson alipokidai mwaka 1900, Waasante waliingia vitani wakiongozwa na Yaa Asantewaa, wala Waingereza hawakukipata.

Vitu vingine havikusalimika. Mwaka 1874 majeshi ya Sir Garnet Wolseley yaliingia Kumasi, yakapora kasri ya Kofi Karikari na kuuchoma mji, kisha Waasante wakatozwa fidia ya wakia 50,000 za dhahabu. Sehemu ya ngawira hiyo iliuzwa London na kampuni ya Garrard, masonara wa Malkia. Jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo ndilo Victoria and Albert, lilinunua vitu 13. Richard Wallace naye akanunua kichwa cha dhahabu. Hivyo kilichokuwa alama ya roho kilipimwa kwa mizani, kisha kikawekwa ndani ya kioo, kikaitwa sanaa.

Hata hivyo, si vyote vilivyotekwa. Mwaka 1817 Asantehene Osei Bonsu alimpa mjumbe wa Kiingereza, Thomas Bowdich, kinanda kidogo cha dhahabu, katika mazungumzo ya mkataba wa biashara. Kinanda hicho nacho kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopelekwa Kumasi. Ngawira na zawadi, basi, zilisafiri chini ya jina moja.

Kiswahili husaidia kulipima jina hilo. Mtu hukopa fedha au nafaka, akarudisha mfano wake. Huazima jembe au chungu, akarudisha kilekile. Kwa kipimo hiki, vitu vya Asante viliazimwa. Lakini yeyote asemaye "nimeazima" amekwisha kumkiri mwenziwe kuwa ndiye mwenye mali. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hawakumfikiria mtu aazimaye nguo yake mwenyewe.

Majumba ya London hutoa udhuru wa sheria: ile ya mwaka 1963 kwa British Museum, na ile ya 1983 kwa Victoria and Albert, huwabana wadhamini wasitoe mali moja kwa moja. Udhuru huo una uzito, lakini sheria hutungwa na bunge, na bunge laweza kuzibadili. Isitoshe, Februari 2024 Jumba la Fowler la Los Angeles lilirudisha Kumasi vitu 7, pamoja na usinga wa mkia wa ndovu na kidani cha kifalme, bila sharti la kuvidai tena.

Hapana shaka Asantehene Osei Tutu II alipata faida ya kweli: Waasante waliviona kwao vitu ambavyo wazee wao hawakuviona kwa miaka 150. Hata hivyo, jambo hili halihusu Ghana peke yake. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na kupelekwa British Museum. Siku mazungumzo yake yatakapoandikwa kwa Kiswahili, mwandishi atapaswa kuchagua kati ya kurudisha na kuazima. Na neno atakalochagua litakuwa limekwisha kuamua mwenye mali ni nani.