Uvimbe wa Mataya Usiotokana na Jino

Katika vijiji vyetu, tangu Lisekese hata Newala, mtoto akivimba shavu watu husema, "Ni jino." Na mara nyingi wasema kweli. Jino lililooza huleta usaha katika ufizi, shavu huvimba na kuuma, usiku hapana usingizi. Jino likitolewa na usaha ukitoka, uvimbe hupungua. Lakini uko uvimbe mwingine wa mataya, nao ulitambuliwa kwa jirani zetu wa Uganda.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, mganga mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliitwa na mwenziwe Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote, juu na chini, kuume na kushoto, na meno yamelegea. Burkitt alistaajabu, maana jipu huanza mahali pamoja, na saratani kadhalika. Baada ya siku si nyingi alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatazama nje kwa dirisha, akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Hapo akaanza kupekua madaftari ya wagonjwa. Akaona kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na uvimbe tumboni pia, nao wote ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika habari zake. (Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikwisha kuona watoto wa namna hii zamani, lakini kuona ni jambo moja, na kuunganisha ni jingine.)

Mwaka 1961 Burkitt na rafiki zake wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu maili 10,000 hivi, wakapita Tanganyika mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali na kuonyesha picha. Wakagundua ya kuwa ugonjwa huu hupatikana katika nchi za joto na mvua, na katika milima ya baridi ni adimu. Basi nchi yetu ya Masasi, yenye joto na mbu, haikusalimika. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, huko London, waliona kirusi ndani ya uvimbe uliopelekwa kutoka Uganda. Kirusi hicho karibu watu wote wanacho; lakini mtoto aliyedhoofishwa na malaria ya mara kwa mara ndiye aliye hatarini zaidi.

Dalili zake ni hizi. Magego ya mtoto hulegea bila kuoza. Taya huvimba siku kwa siku, wala haliumi sana hapo mwanzo. Pengine jicho hutokeza. Uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote, hata juma moja la kungoja dawa za mizizi ni jambo kubwa. Kisu hakiufai sana. Dawa za saratani zaufaa, na watoto wengi wamepona kwazo, hasa waliopelekwa mapema.

Katika shule niliyofundisha zamani alikuwapo mtoto wa darasa la kwanza aliyeng'olewa magego mawili, yote mazima, meupe. Aliyeyang'oa alishangaa, nasi tukashangaa pamoja naye, lakini hapana aliyeuliza kwa nini jino zima lilegee. Alipofikishwa hospitali, jicho moja lilikuwa limekwisha kufumba kwa uvimbe.