Gari ya zamani: sababu gani wenyewe hawaiachi, hata kama inakula feza

Saa kumi na mbili asubuhi, katika kartie yoyote ya Bukavu ao ya Goma, utamukuta mzee mmoja amefungua kapo ya gari yake, kidumu cha maji mkononi, vijana wawili nyuma wanangojea kusukuma. Majirani wanacheka. Gari inakohoa, inatoa moshi, inawaka. Mzee anapanguza kioo na mukono wa shati, anaenda. Kisha siku mbili iko tena ku garaji. Ukimwambia aiuzishe, atakukasirikia.

Watu wanasema hiyo ni kichwa nguvu. Si uongo kabisa. Lakini iko pia na sababu zingine, na zinatoka ndani ya moteri na ku barabara zetu.

Tuchukue Land Cruiser ya aina ya 70, ile inayoonekana sana katika Kivu na Ituri. Toyota ilianza kuitoa mwaka 1984. Tangu 1990 nyingi ziko na moteri ya mazutu inayoitwa 1HZ: silinda 6, litri 4,2, bila turbo. Pompa yake ya enjeksyo ni ya mekaniki tupu, haiongozwi na kompyuta. Fundi wa kijijini anaisikiliza kwa masikio, anafungua na funguo za kawaida, anasafisha, anarudisha.

Gari mpya za mazutu haziko vile. Nyingi zinasukuma mazutu kwa presha inayopita bari 1000, kupitia matundu madogo sana ya injekteri. Maji kidogo ao uchafu ndani ya mazutu, injekteri zimekufa. Na sisi tunanunua wapi? Mara nyingi kando ya barabara, ndani ya bido, kwa Kadhafi. Halafu ili ujue gari ile inaumwa nini, unahitaji mashine ya kusoma kompyuta yake, na mashine hiyo huipate kila fasi. Njo maana mtu mwenye kusafiri mbali na mji anaona ile ya zamani ni usalama wake.

Barabara nayo haichague. Ku Goma gari zinakanyaga mawe ya volkano, na tangu lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji mwezi wa kwanza 2002, wenye gari wanayajua vizuri. Mawe yale yanakula rotili, amortiseri na pine, iwe gari ya mwaka huu ao ya miaka 30. Tofauti ni kwamba piyesi za ile ya zamani zinajulikana. Wafanyabiashara wa Butembo wanazifuata mpaka Dubai na Uchina, wengine wanazichukua ku Kampala, na gari iliyokufa kabisa katika kiwanja cha fundi inaendelea kutoa milango, resori na taa kwa wenzake.

Sasa, feza inaishia wapi? Kwa gari za zamani, kwanza ni ku moto wa moteri. Bukavu iko karibu metri 1500 juu ya bahari. Kwa urefu huo maji yanachemka karibu digri 95, hayangojei 100. Bushoni ya radiateri njo inashikilia presha ili yasichemke mbio. Bushoni ikichoka, maji yanaruka, moteri inapata moto, jwe ya kulasi inaungua. Kitu kidogo cha bei rahisi kimekuletea deni la miezi mitatu. Tena wengi wanatia maji ya mutoni ao ya ziwa mwaka muzima, na ndani ya radiateri kunajaa kutu na uchafu. Fundi wengine wanatosha termostati kabisa, wanasema gari itapoa. Hiyo haiponye ugonjwa: radiateri iliyozibwa inabaki imezibwa, na asubuhi moteri inakawia kupata moto wake, inakunywa mazutu zaidi.

Ya pili ni mukaba wa distribisyo. 1HZ iko na mukaba, si cheni. Ukinunua gari okaziyo, na kontere imesimama tangu zamani, hujue umetembea kilometri ngapi. Ubadilishe mara moja. Ukikatika njiani, valvu zinaweza kugongana na pistoni, na hapo si matengenezo tena, ni kutafuta moteri ingine.

Ili kujua kama upendo huu umekupita nguvu, chukua kaye. Andika kila piyesi, kila siku ya fundi, na siku ambazo gari ililala bila kutumika. Tuseme ni dola 80 kwa mwezi: kwa mwaka ni 960. Kwa mwenye kubeba bidhaa, gari inaweza kurudisha hiyo. Kwa mwenye kuendea kanisa na soko peke yake, hiyo ni minervali ya watoto inayotoka kwa egzosi, na bibi wa nyumba ataiona hesabu hiyo mbele yako.

Iko na fasi moja ambapo hesabu ya kaye haitumike: freni, usukani na shasi. Njia ya Bukavu–Uvira kupitia escarpement ya Ngomo inakushusha kutoka kando ya ziwa Kivu mpaka bonde la Ruzizi, karibu metri 500 chini, kona juu ya kona. Dereva anayeshuka mguu ku freni muda wote anazipikisha. Plakete zinapata moto, mafuta ya freni ya zamani yaliyoingia maji yanachemka, na pedali inaenda mpaka chini bila kitu. Shuka na vitesi ya pili ao ya kwanza, acha moteri ishikilie gari. Usizime moteri kwa kuchunga mazutu: usukani unakuwa muzito, na freni zinapoteza musaada wao.

Mafuta ya freni yabadilishwe kila miaka miwili. Shasi iliyopasuka na kusudewa mara mbili fasi moja, usiipakie tena magunia. Na fundi akikwambia freni zinaweza kungoja mpaka mwezi ujao, acha gari ingojee ku parseli pamoja nazo.