Chokaa (somo la kemia)

Chokaa ni unga mweupe upatikanao kwa kuchoma mawe yenye kalsiamu kaboneti, yakiwemo matumbawe, pamoja na makombe ya bahari. Katika masomo ya kemia hutumika kuonyesha jinsi mmenyuko unavyozaa kitu kipya chenye tabia tofauti na kilichotangulia. Ni mfano unaostahili kutangulia mingine yote, kwa kuwa mwanafunzi huweza kuupima kwa mizani na kuufuata tangu jiwe hadi ukuta.

Mmenyuko wenyewe

Jiwe likifikia nyuzijoto 900 hivi za Selsiasi, huvunjika na kutoa kaboni dioksidi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kilo 100 za kaboneti safi huacha kilo 56 za kalsiamu oksidi. Kilo 44 hutoweka zikiwa gesi. Oksidi hiyo ikimwagiwa maji hufoka, hutoa joto kali na kupasukapasuka hadi kuwa unga wa kalsiamu hidroksidi. Hatua hii ndiyo kuzima chokaa. Ikichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, hidroksidi hufyonza polepole kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kuwa kaboneti.

Historia

Waashi wa pwani ya Afrika Mashariki waliutumia mmenyuko huu karne nyingi kabla haujaandikwa kwa alama za kikemia. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, kisha yakazimwa kwa maji. Chokaa hiyo ilishikamanisha kuta za Kilwa Kisiwani, ikiwemo Husuni Kubwa, jumba adhimu la masultani, na pia za Gedi, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Maelezo ya kisayansi yalianza na Joseph Black wa Uskoti. Katika tasnifu yake ya 1754 na maandishi ya 1756 alionyesha, kwa kupima uzito kwa uangalifu wa kupigiwa mfano, kwamba kaboneti hupoteza gesi inapochomwa. Baadaye alionyesha pia kuwa gesi hiyo imo katika pumzi ya binadamu.

Ufundishaji

Kosa la kawaida la wanafunzi ni kudhani kuwa chokaa ni jiwe lile lile lililosagwa, au kwamba moto umekausha maji tu. Kwa hiyo somo zuri huanza na jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Wanafunzi hulitia maji, na hakuna kinachotokea: halipati joto wala halifoki. Kisha kipande kidogo cha jiwe au kombe hupimwa, huchomwa kwa moto mkali na kupimwa tena kikishapoa. Moto wa jiko la mkaa lisilovuviwa mara nyingi hautoshi; mivukuto au kichomeo cha gesi huhitajika. Matone machache ya maji yakidondoshwa juu ya kipande kilichochomwa, tofauti huonekana papo hapo.

Hatua inayofuata huhitaji vifaa vichache. Unga uliozimwa hukorogwa katika maji mengi, huachwa utulie, kisha maji yake huchujwa. Kwa kuwa hidroksidi huyeyuka kidogo sana, chini ya gramu 2 kwa lita, maji ya chokaa hubaki maangavu. Mwanafunzi akiyapulizia kwa mrija, hugeuka meupe kama maziwa: kaboneti imezaliwa upya mbele ya macho yake, kutokana na pumzi yake. Akiendelea kupuliza, weupe hufifia, kwa sababu kaboneti hugeuka bikaboneti inayoyeyuka. Walimu wengi huishia kwenye weupe, wakaacha sehemu hii ambayo pia hueleza jinsi maji ya mvua yanavyochonga mapango kama ya Amboni, Tanga.

Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania somo hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeona chokaa ikizimwa nyumbani hukutana nayo darasani kana kwamba ni kitu kigeni, na hiyo ni hasara kubwa.

Usalama

Chokaa ambayo haijazimwa huunguza ngozi na macho. Mwalimu ndiye huishika, akiwa amevaa miwani ya kinga. Mwanafunzi apulizaye hatakiwi kuvuta maji mdomoni.

Matumizi ya sasa

Saruji imechukua nafasi ya chokaa katika ujenzi mwingi, ingawa nayo hutokana na kuchoma mawe yenye kaboneti, kama katika viwanda vya Wazo Hill na Bamburi. Chokaa bado hutumika kupaka kuta, kupunguza tindikali ya udongo na kukarabati majengo ya kale. Uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya tanuri umeharibu miamba ya pwani, hasa Mafia na Mikindani. Kwa majaribio ya shuleni makombe yaliyookotwa ufukweni au maganda ya mayai yanatosha.