Mafuta ya Mbegu Yaliyolinda Merikebu za Wachina

Ubao na maji ni adui wa tangu zamani. Ubao ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na ndani ya nyufa uozo huingia. Tuone basi namna mabaharia wa kale walivyopambana na jambo hilo.

Mwaka 1298, Marco Polo wa Venezia, akiwa mfungwa mjini Genoa, alimsimulia mwenzake Rustichello safari zake, naye akaziandika. Asema kwamba huko Hormuz, penye mlango wa Ghuba ya Uajemi, vyombo vilishonwa kwa kamba za nazi pasipo misumari ya chuma, vikapakwa mafuta ya samaki. Alivichukia: vingi, asema, hupotea baharini. Lakini Mwenye Heri Odorico wa Pordenone, Mfransisko, alipanda chombo cha kushonwa huko huko miaka ya 1320 hivi, akafika India salama. Labda Polo alizidisha kidogo.

Merikebu za Wachina alizisifu. Mafundi wao walitwaa chokaa na nyuzi za mimea zilizokatwakatwa, wakaviponda pamoja na mafuta ya mti, hata vikanata kama gundi. Ndivyo walivyoziba maungio ya mbao.

Mti huo Wachina huuita tung. Mbegu zake zina sumu, hazifai kuliwa hata kidogo. Wala tusidhani mafuta yake ni kama mawese yetu. Ukipaka ubao mawese, utayakuta siku nyingi baadaye yangali yanateleza na kushika vumbi. Mafuta ya tung huvuta oksijeni ya hewani, yakashikana, yakageuka ngozi ngumu ambayo maji hayaiyeyushi. Mafuta ya mbegu za kitani hukauka vivyo hivyo, lakini ya tung hukauka upesi zaidi na hushinda maji vizuri zaidi. Kazi yake kubwa si kuua wadudu, bali kufunga mlango wa maji, maana kuvu iozeshayo mbao haistawi pakavu.

Wako wataalamu walioshuku kama Polo alifika China kweli. Juu ya merikebu, matope yamemshuhudia. Mwaka 1974, katika ghuba ya Quanzhou, mji alioutaja kwa jina la Zaitun, ilifukuliwa merikebu iliyozama miaka ya 1270 hivi. Sehemu iliyosalia ina urefu wa mita 24. Ndani mlikuwa na vyumba 13 vilivyotengwa kwa kuta, na Polo naye alitaja vyumba 13 katika merikebu kubwa. Mbao zake zimepangwa mbili mbili, kwingine tatu tatu. Na katika maungio? Nyuzi, chokaa na mafuta ya tung, baada ya miaka 700 hivi.

Ni katika merikebu ya Kichina Odorico alivuka kutoka India, amebeba mifupa ya Wafransisko wanne waliouawa Thana mwaka 1321, akaifikisha kwa ndugu zao wa Zaitun.

Ufundi huo haukufa, ila umedhoofika. Merikebu za chuma zimewanyang'anya mafundi kazi, na vijana hawaoni faida ya kujifunza. Mwaka 2010 UNESCO iliuandika ufundi wa merikebu za vyumba wa jimbo la Fujian katika orodha ya urithi unaotaka kulindwa upesi, pamoja na namna yake ya kuziba maungio kwa nyuzi, chokaa na mafuta ya tung. Mafundi wanaoujua wote ni wachache sana.